Mjukuu Mmoja, Majina Matatu

Tegeni sikio. Hadithi hii ina wanawake watatu na tumbo moja. Saumu alijaliwa jicho lisilopitwa na kitu. Daktari Nasra alijaliwa mkono usiotetemeka. Riziki, mtaalamu wa dawa ya usingizi, alijaliwa sikio la kusikia pumzi. Na tumbo lilikuwa la Bi Mwanasiti wa Pangani, mpishi wa pilau za harusi, mwenye uzito wa kilo mia na arobaini, na mwenye kosa moja: miezi mitano alikuwa akitokwa damu chooni, akaficha. Alijiambia ni bawasiri. Moyoni alijua anamdanganya Mungu mchana kweupe.

Saumu alikuwa mke mwenziwe, na choo chao kilikuwa kimoja. Akaiona damu. Mwanasiti akamwapisha kwa jina la Mwenyezi Mungu asimwambie mtu. Saumu akaapa, akakaa siku tatu hali wala halali, ya nne akamwambia mume wao. Vipimo vikaonyesha saratani ya utumbo mpana, ila ilikuwa haijasambaa. Mwanasiti akamwita mvunja kiapo.

"Nichukie upendavyo, mke mwenzangu," Saumu akamjibu, "lakini nichukie ukiwa hai."

Daktari Nasra aliambiwa na wenzake kwamba unene ule ni wa kupasua tumbo wazi. Akakataa. Kidonda kirefu kwenye mafuta mengi huchelewa kufunga, tena huoza upesi. Yeye angeingia kwa vitundu vitano na kamera. Mwanasiti akamuuliza kama hatapotea humo ndani.

"Naingia na taa, mama," akasema. Akasimama kwa muda wa saa sita, akautoa uvimbe wote.

Lakini ili utumbo usogee, tumbo lilijazwa hewa na kitanda kikainamishwa upande wa kichwa, uzito wote ukalemea mapafu. Riziki akasikia pumzi inabana. Akaamuru kitanda kinyanyuliwe, akaibembeleza pumzi mpaka ikarudi, ndipo akawaruhusu kukiinamisha tena. Ikawa hivyo mara nne. Msaidizi mmoja akashauri wapasue tu, wamalize.

"Pumzi yake ninayo," Riziki akasema. "Endeleeni."

Sasa, kabla ya kulazwa usingizi, Mwanasiti alikuwa ameweka nadhiri: Mungu akimvusha, mjukuu wake wa kwanza atabeba jina la aliyemvusha. Miezi miwili baadaye bintiye akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba nyumba ikajaa. Saumu alikaa nyuma kabisa, akisema mtoto hapewi jina la mvunja kiapo. Daktari akasema bila Riziki mkono wake usingefika popote. Riziki akauliza, sikio lake lingesikiliza nini, kama Saumu angenyamaza?

Mwanasiti akampakata mtoto, akainama kwenye sikio lake. Aliahidi jina moja, na nadhiri hailipwi nusu.

Haya, nyinyi mliokaa hapa: kinywa kile kingekuwa chenu, mngetamka jina la nani?