Mlinzi wa Bwawa

Mlinzi asiyepumzika huibiwa mwili. Mmesikia mama mmoja akimwambia mumewe hivyo, nanyi mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Sogeeni, niwaeleze yalivyozaliwa.

Huko milima ya Upare, kabla babu yangu hajazaliwa, paliishi mtu aitwaye Sekiete. Wazee walimkabidhi bwawa la kijiji. Asubuhi alizibua maji yateremke mferejini kwenda mashambani, jioni akayaziba. Kazi yenyewe haikuwa nzito. Kizito kilikuwa wasiwasi. Huyu analalamika kapunjwa maji, yule anatishia kubomoa ukingo. Sekiete alikula amesimama, macho bwawani. Hata manyunyu yakianguka, aliruka kutoka kitandani kwenda kukagua.

Miaka kumi na mmoja, hakuna tone lililoibwa. Lakini kwanza usingizi ulimtoka. Kisha tumbo likawa linawaka moto hata akinywa uji. Halafu moyo ukaanza kumwenda mbio akiwa ameketi tu. Mkewe, Nanzia, alipomsihi apumzike, alijibu, "Masika yakiisha." Masika yakaisha, akasema, "Mavuno yakipita."

Asubuhi moja alishika kizibo akivute, mkono wa kushoto ukakataa. Akaanguka pale ukingoni, mdomo umepinda.

Nanzia alimwita Namwai, bibi aliyejua kutibu. Siku ya tano mgonjwa akaweza kusema.

"Nani kaniroga, bibi? Nitajie adui yangu."

"Hukurogwa, mwanangu," Namwai akamjibu. "Umelinda maji ya watu, ukauacha mlango wako wazi. Ukachukuliwa kidogo kidogo, leo usingizi, kesho tumbo, mwisho mkono. Mlinzi asiyepumzika huibiwa mwili."

Nanzia aliyabeba maneno hayo hadi barazani kwa wazee. Akakuta wameshamchagua Mbazi, kijana mwenye nguvu, ashike kazi ya mumewe. Wakamkaribisha aketi, hakuketi.

"Mbazi ana mke na mtoto mchanga," alisema. "Mnataka naye auguzwe kama wangu?"

"Bwawa lazima liwe na mlinzi, mama."

"Liwe nao saba. Kila mmoja na siku yake, siku sita akae kwake. Kizibo cha bwawa nimekichomoa, ninacho nyumbani. Msipokubali, sikitoi."

Bila kizibo bwawa halijai, na mashamba yalikuwa yanakauka. Walikubali kabla jua halijafika utosini.

Sekiete alipona nusu. Mkono haukurudi kuwa kama zamani, lakini tumbo lilitulia, akala ameketi, na aliishi hadi akawapakata wajukuu wanne. Mazoea tu ndiyo yaliyokawia kumwacha. Mvua ikigonga paa alitaka kuinuka, na kila mara Nanzia alimwekea kiganja kifuani.

"Lala. Leo si zamu yako."

Basi atakayewaambia maneno haya hawaiti wavivu, wala hawakatazi kazi. Anawatakia miaka mingi ya kuifanya. Mlinzi asiyepumzika huibiwa mwili.