Ukoko wa Bi Mwajabu

Hapo zamani, enzi zile mtu akimaliza chuo anapata kazi (msicheke, zilikuwepo), palikuwa na mpishi wa shughuli huko Handeni, Bi Mwajabu. Harusi isiyopikwa naye watu waliiita kikao. Na alikuwa na desturi yake: pilau likiisha, ukoko wa sufuria kubwa anaubandua mzima, anampa mtu mmoja aliyemfaa kuliko wote. Mmoja tu. Ukiomba kipande anakwambia, "Kakwangue kwenu."

Basi mwili ukamgeuka. Viwiko vikaota magamba meupe, kichwa kikapukutika mba, halafu vidole vikavimba kama ndizi kisukari. Asubuhi hata kikombe hashiki. Mtaa mzima ukawa na digrii ya udaktari: karogwa! Ukurutu! Unaambukiza! Harusi zikamhama, mwiko ukaning'inia ukutani.

Mumewe, Mzee Mhina, kila asubuhi alichemsha maji, akamloweka mikono, akampaka mafuta mgongoni, akamfunga vifungo, akambeba hata kwenda uani. Mzee wa safu ya mbele msikitini, eti anajifunza kufunga sidiria! Eksipiriensi ya ndoa miaka na miaka, ya ndoano zile zero. Wenzake walimcheka, naye akajibu, "Nyinyi mnajua kufungua tu."

Mpwa wa Bi Mwajabu, Zaina, akaja na uongo. "Shangazi, kuna harusi mjini, wanataka ukaonje pilau." Bi Mwajabu akajifunga kanga mpya, wakashuka hospitali.

"We Zaina, mbona bwana harusi kavaa koti jeupe?"

Daktari akasema ngozi na viungo ni ugonjwa mmoja: askari wa mwili wameasi, wanampiga mwenye nyumba. Hauambukizi. Kupona kabisa hakuna, ila unatulizwa. Akampa dawa ya mara moja kwa wiki.

"Mara moja kwa wiki? Hiyo dawa au swala ya Ijumaa? Lete nimeze kila siku nipone haraka!"

"Over my dead body, Shangazi. Ukiimeza kila siku itakuua wewe."

Zaina akaifungia sandukuni, ufunguo kwenye pindo la kanga. Akaitwa mwizi mbele ya majirani. Ijumaa ilipofika akatoa dozi.

Miezi ikapita, vidole vikalegea. Mjukuu akaolewa. Bi Mwajabu akaushusha mwiko, akapika. Harufu ikafika barabarani. Lakini wageni wakakaa mikono mapajani. Hakuna aliyegusa sinia. Bi Mwajabu akaanza kuvuta mtandio afiche viwiko.

Hapo akaingia Mihayo, Mnyamwezi, mtani wao, mdomo kama spika ya kampeni. "Watumwa wangu! Mamba wangu kapika, mmenuna nini? Nilishe, mamba wewe, kwa mkono huohuo wa magamba!"

Akapiga magoti, akafumbua kinywa. Bi Mwajabu akamlisha tonge. Mihayo akala, akalamba na vidole. Ukumbi ukaangua kicheko, sinia la kwanza likavamiwa, la pili likagombewa.

Sufuria ikabaki na ukoko. Bi Mwajabu akaubandua mzima, wa rangi ya asali, akausimamisha mikononi. "Huu ni wa aliyenirudishia mwiko wangu."

"Basi wangu," akasema Mzee Mhina. "Bila maji yangu ya moto usingeshika hata kijiko."

"Mzee wangu," Zaina akadakia, "ulimbeba mpaka magoti yake yakasahau kazi! Daktari alikugombeza: atembee, atembee. Aliyemtuliza ni dawa, na dawa niliilinda mimi."

"Kwa uongo na wizi," akasema Mihayo. "Na pilau lake lisiloliwa lingemponya nini? Hawa wasomi bwana! Mikono mlimpa nyinyi. Walaji nimemletea mimi."

"Wewe?" Mzee Mhina akamgeukia. "Hilo jina la mamba ulimpa alipoanza kuugua, likamliza wiki nzima. Maji umemchemshia lini?"

"Kazi ya mtani ni kutukana, Mzee. Kuchemsha ni kazi ya mume."

Bi Mwajabu akacheka mpaka ukoko ukatetemeka. Na msiniambie wagawane, bibi kasema mzima. Amesimama nao tangu adhuhuri, jua linashuka, na vidole vyake, mnavijua, vimeanza kukaza; akichelewa utamponyoka uvunjike.

Haya, nyie mnaojua kila kitu, semeni upesi: ampe nani? Je, nani alistahili?