Matundu Arobaini ya Nyangeta

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, ziwa lilikimega kijiji cha Buhenge. Lilichukua nyumba ya Magesa, fundi seremala. Likachukua ya Bugingo, kiongozi wa ngoma. Likachukua ya Nyangeta, mwanamke mfuga bata. Watatu hao wakawa wanalala kwa watu. Mtemi akatangaza: "Ardhi itakayopatikana nyuma ya ukuta wa kuzuia ziwa ni ya atakayetuokolea ufuko." Ardhi yenyewe ilitosha nyumba moja tu.

Magesa akachonga magogo, akayasimika majini, akayapigilia mbao za mvule zikabanana hata sisimizi hapiti. Miezi mitatu, mgongo wake ukapinda. Watu wakajaza udongo nyuma ya ukuta, lakini ulikuwa laini, ukikanyaga unazama hadi gotini.

Bugingo akacheka. Akaviita vikundi viwili vya ngoma visivyopatana tangu mavuno, akavishindanisha juu ya udongo ule ule. Wakacheza siku tatu, kila upande ukikataa kushindwa. Wakakanyaga, wakaruka, wakakanyaga tena, hata mama wakwe wakasahau heshima wakaingia uwanjani. Raha iliyoje! Ardhi ikawa ngumu kama sakafu.

Nyangeta hakuwa na habari na ukuta. Shida yake ilikuwa bata, maana sasa hawakuweza kushuka majini. Akachukua keekee ya Magesa bila kuomba, atoboe mbao apate pa kufungia ngazi yao. Bata wakakataa hapa, akatoboa pale. Wakakataa pale, akatoboa kule. Yakafika matundu arobaini, na bata hawajashuka hata mmoja.

Magesa alipoona, akamfuata Nyangeta. "Mama, umeniulia ukuta," akasema.

Wiki ile ile mvua ikanyesha. Maji ya mlimani yakajaa nyuma ya ukuta, yakausukuma, mbao zikaanza kulia na kubetuka kuelekea ziwani. Watu wakashika vichwa. Mara maji yakayafikia matundu yote arobaini, yakafoka kwenda ziwani, mbao zikatulia, na ukuta ukasimama. Kijiji kizima kikalia kwa furaha.

Asubuhi wakaenda kwa Mtemi.

"Ukuta nimejenga mimi," akasema Magesa. "Bila mbao zangu, huyu mama angetoboa nini? Na keekee pia ni yangu."

"Mtemi, wewe ulisema ardhi," akasema Bugingo. "Kabla ya ngoma yangu palikuwa na tope. Nani amewahi kujenga kwenye tope?"

Nyangeta akapiga goti. "Mtemi wangu, sitadanganya, mimi niliwahangaikia bata. Lakini mvua haikuniuliza nia yangu. Bila matundu yale, leo hapa pasingekuwa na ukuta wala ardhi."

Mtemi akajikuna kidevu. Akakiri kwamba limemshinda, aulizwe yeyote mwenye masikio.

Basi limefika kwenu. Wote watatu wamechoka kulala kwa watu, na kiwanja ni kimoja. Je, nani alistahili kuamkia mlangoni mwake mwenyewe?