Tonge la Bibi Nakunda

Sogeeni, ninyi mnaojiona mna akili. Fumbo hili lilimtoa jasho hakimu mmoja mpaka joho lake likakamuliwa, zikajaa ndoo mbili.

Upareni kulikuwa na watu watatu. Mbonea alikuwa na macho: siafu akipita mlima wa pili, anakuambia mguu gani unachechemea. Mdogo wake Elinami alikuwa na shabaha: anamtoa nzi kwenye sikio la ng'ombe anayekimbia, ng'ombe asijue. Bibi yao Nakunda alikuwa na mikono. Akianza kuongea kwa mikono, redio inaona haya.

Alijifunza kwa ajili ya kitindamimba wao, Nakijwa, wa miaka kumi na minne. Homa ilimziba masikio mwaka juzi. Shuleni wakamcheka, akaacha. Akabaki na mbuzi, na ishara chache za nyumbani.

Siku hiyo mbuzi walimfikisha machimbo ya mawe. King'ora cha baruti kikalia mpaka wafu wakajifunika vizuri. Nakijwa akaendelea kutafuta mbuzi wake, kawapa watu mgongo. Utambi ulishawashwa.

Mbonea, aliyesimama mbali na mdogo wake na bibi kati ya watu waliokimbia baruti, ndiye aliyeona kilemba chekundu kwenye miamba. "Nakijwa yule pale."

Elinami akaokota jiwe, akalirusha umbali wa viwanja vitatu vya mpira, likagonga fimbo aliyoishika dada yake. Nakijwa akageuka.

Akaona watu hamsini wanapunga mikono miwili. Kwa ishara za nyumbani kwao, kupunga mikono miwili ni "mbuzi wameingia shambani, kawatoe." Akakimbilia ndani zaidi, kwenye baruti. Akatazama nyuma mara moja, aone kama bado wanamkaripia.

"Shusheni mikono," bibi akawaambia. Akakaa kitako, akamega tonge la hewa, akachovya, akatia mdomoni polepole. Maana yake: ugali tayari. Nakijwa hajala tangu jana; alipoliona tonge, akaja mbio. Mlima ukapasuka nyuma yake. Aliusikia kwa nyayo.

Wiki hiyohiyo ikaja barua: shule ya viziwi inamchukua Nakijwa, pamoja na ndugu mmoja tu wa nyumbani, wakafundishwe lugha ya alama. Ndugu huyo ndiye atakayeweza kuongea naye maisha yote.

"Nisingeona, mngezika kilemba," alisema Mbonea.

"Uliona, ukasimama. Nani alimgeuza?" alisema Elinami.

"Mlimgeuza, akakimbilia baruti," alisema bibi.

"Bibi, wewe na umri huo, utaongea naye mpaka lini?" alisema Elinami.

Nakijwa kakaa katikati yao, anatazama midomo mitatu inavyochapana. Anadhani wanataka kumfukuza kwa sababu ya mbuzi. Machozi yanamtoka, na hata bibi, kwa hasira, kasahau mikono.

Gari la shule liko mlangoni. Haya, semeni ninyi: mngempandisha nani?