Visima Arobaini na Askari Elfu

Hapo zamani, katika nchi ya Waturuki, Durmush fukara alitumwa na wanakijiji wenzake kwenda kumlaki Bimbashi mpya, naye kwa pupa ya adabu akaubusu mkono wa mpishi. Mpishi ndiye aliyekuwa mnene, tena mwenye kilemba kizuri, mtu angefanyaje? Askari wakacheka hata wakashikilia matandiko ya farasi, ila Bimbashi mwenyewe, mtu mwembamba kama ufito, hakucheka.

Basi akauliza kijiji chaitwaje, akaambiwa Kirkkuyu, maana yake Visima Arobaini. Akakizunguka chote, akaona vitatu. Sasa Waturuki wana desturi ya kuvipa vijiji majina ya hesabu, na arobaini kwao ni wingi tu. Mababu waliopata maji mara tatu katika ardhi ile kavu walijiona matajiri. Lakini Bimbashi alikuwa mtu wa mjini, akaona amefanyiwa dhihaka. Akaamuru askari wake wanyweshwe kesho asubuhi kutoka visima arobaini. La sivyo watu wahame, na mashamba yao yawe malisho ya farasi.

Ikawa kilio nyumba kwa nyumba. Gulsum, shangazi yake Durmush, akamwambia kwamba nuksi imeletwa na aliyembusu mpishi, basi na aiondoe mwenyewe.

Kulipokucha, Durmush akasimama kisimani, kata mkononi.

"Efendi, maji tayari. Ila niwie radhi ujinga wangu: Bimbashi maana yake nini?"

"Mkuu wa watu elfu."

"Ndivyo nilivyosikia. Basi watu elfu kwa visima arobaini, kila kisima watu ishirini na watano. Wapange, bwana wangu, wasije wakasukumana."

Bimbashi akageuka kuwatazama watu wake. Walikuwa sabini na watano, pamoja na mpishi. Wakapangwa kisima cha kwanza, cha pili, na cha tatu, na nyuma yao hakubaki mtu.

"Na cha nne ki wapi?" akauliza Bimbashi.

"Wa kukinywea wako wapi?"

Bimbashi akakunja uso, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa kisima. Akaifuta amri yake mbele ya wote, akamvika Durmush joho lake mwenyewe. Hata alipokwisha kupanda farasi, akainama akanena, "Ewe Durmush, na siku nitakayokuja na elfu wangu kamili, vile vingine mtavitoa wapi?"

"Elfu wana mikono, Efendi. Watachimba."