Kigoda cha Lugano

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, na msinikunjie nyuso, palikuwa na mji wenye nyumba mbili za tiba. Nyumba ya Juu ilitibu akili. Nyumba ya Chini ilitibu ulevi. Katikati palikuwa na mlima, na mlima huo Atupele aliujua jiwe kwa jiwe.

Atupele alikuwa na kaka yake, Lugano, fundi wa vigoda. Fundi hasa, lakini alisikia watu wasioonekana wakimwita toka chini ya sakafu, wakimtukana mchana kutwa. Akigida komoni, wananyamaza. Pombe ikimtoka, wanarudi na hasira mpya. Basi akanywa tena.

Atupele akamshika mkono, akapanda naye Nyumba ya Juu. Tabibu Mwaijande akaziba pua. "Huyu ananuka pombe. Mimi natibu akili, sitibu ulevi. Aache kunywa kwanza, ndipo umlete."

Akashuka naye Nyumba ya Chini. Mwalimu Kibona akamwona Lugano akibishana na sakafu. "Huyu kichwa hakiko sawa. Mimi natibu ulevi, sitibu wazimu. Atulie kwanza, ndipo umlete."

Akapanda. "Aache kwanza." Akashuka. "Atulie kwanza." Akapanda, akashuka, masika yakaanza mpaka yakaisha, na kote huko alisimama nje ya mlango, hakuna aliyemwambia, dada, karibu ukae. Hivi jamani, mtu mmoja anagawanywaje? Kichwa kipande mlima, koo libaki bondeni? Atupele akachoka kubisha hodi.

Ndipo akaamua kusema uongo. Akamfungia kaka yake ndani siku tano, akampandisha Juu akiwa mkavu. "Huyu hanywi kabisa, Tabibu." Mwaijande akampokea, akampa vidonge, na kweli wale wa sakafuni wakapunguza kelele. Lakini habari ya pombe hakuna aliyeiuliza. Lugano alipotoka tu, miguu ikampeleka kilabuni.

Atupele akamteremsha Chini. "Huyu akili zake timamu, Mwalimu." Kibona akampokea, akamkalisha na wenzake waliokuwa wakiacha pombe, wakafundishana kila siku namna ya kukataa kikombe. Lakini Kibona alikuta vidonge ndani ya pindo la shati la Lugano. Aliyevishonea humo ni Atupele. Sheria ya nyumba ile ilikataza kila kitu cha kumeza kisichotoka jikoni, basi Kibona akavimwaga chooni, wala hakuuliza ni vya nini. Siku ya tisa sauti zilirudi zote. Wakamtoa nje, eti anawavuruga wenzake. Lugano akafika nyumbani, akachukua shoka, akaanza kubomoa sakafu ili awatoe wale watu, na nusura ajikate mguu.

Aliyemnyang'anya shoka ni Mama Gwantwa, mwenye kilabu cha jirani, aliyesikia vishindo akaja mbio.

"Mimi ndiye ninayemwuzia," akasema. "Sasa sikia, Atupele. Kila asubuhi atameza kidonge mbele yangu. Asipomeza, hapati hata tone. Akimeza, namtilia, na kila wiki kikombe kinapungua kidogo."

Atupele akawa anapanda kuchukua vidonge, na uongo wake ule ule mdomoni. Lugano akameza, huku akijikumbusha maneno aliyofundishwa Chini. Miezi saba. Siku kikombe kilipokosa pombe kabisa, Mama Gwantwa akakijaza uji. Lugano akanywa, akaomba gogo na tezo, akachonga kigoda.

Maana katika mji ule mgonjwa akipona, huwekwa kigoda kimoja mlangoni pake, na hukikalia aliyemponya. Tangu siku hiyo wagonjwa wa namna ile hupelekwa kwa huyo aliyekaa, nao hutibiwa kwa sheria zake. Kigoda kimoja tu. Watu wakajaa uani, na waliotangulia kufika, tena wamevaa nguo za sikukuu, ni wale wawili!

"Dawa ni yangu," akasema Mwaijande. "Bila dawa angekuwa angali anagombana na sakafu."

"Dawa haikumwachisha pombe," akasema Kibona. "Namna ya kukataa kikombe aliipata kwangu."

"Nyie wote mlimfukuza," akasema Mama Gwantwa. "Mimi nilimpokea alivyo, amelewa na anaweweseka."

"Na leo asubuhi umewauzia akina Lugano wangapi?" akauliza Mwaijande. Mama Gwantwa akainama, mikono yake ikinuka komoni.

Kibona akamgeukia Atupele. "Na wewe ulitudanganya. Ningejua vile vidonge ni vya nini, nisingevimwaga."

"Ungejua, usingefungua mlango!" Atupele akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Mmenisimamisha nje masika mazima, leo mmekuja kukaa?"

Lakini vile vidonge vya chooni vilimwuma, kwani kweli yeye ndiye aliyevificha.

"Kaa wewe, dada," akasema Lugano. Uwanja mzima ukaitikia. Atupele akakishika kigoda, asikikalie. Mgonjwa akiletwa kwake, atampa nini? Hana dawa, hana mafunzo, ana miguu na uongo tu.

Hapo mama mmoja mgeni akapenya katikati ya watu, amemshika binti yake kiunoni. Binti alinuka gongo, na alikuwa akicheka na mtu ambaye wengine hawakumwona.

"Samahanini," akasema yule mama. "Nimetoka Juu, nimetoka Chini. Nimeambiwa nisubiri nione nani atakaa, ndipo nijue mwanangu nimpeleke wapi."

Haya, nyinyi mliokula karanga zangu mkinisikiliza, msiinamishe vichwa. Yule binti amesimama pale, na miguu yake haina nguvu tena. Mwaijande, Kibona, Mama Gwantwa, Atupele. Je, nani alistahili kukikalia kigoda?