Mlango wa Feruzi

Lisemwalo barazani, lichonge mlangoni. Ndivyo nilivyomwambia kaka yenu Shukurani aliporudi na habari kwamba tajiri wake kamwambia, "Wewe anza kazi tu, tutaandikiana baadaye." Nanyi mkatazamana mkadhani bibi yenu kaanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Wekeni simu chini niwaeleze neno hili lilikotoka.

Zamani, watu walipokuwa wakiuzwa kama mbuzi, katika mji mmoja wa pwani palikuwa na fundi wa nakshi akiitwa Feruzi. Alikuwa mtumwa wa Bwana Mbwarahaji. Nusu ya milango mizuri ya mji ule ilitoka mikononi mwake, na yeye mwenyewe alilala chini, penye vumbi la mbao.

Mbwarahaji alikuwa na mdomo mtamu. Siku moja, ameketi barazani na majirani, alisema kwa sauti, "Feruzi, mlango huu unaochonga ukisimama, u huru." Majirani wakamsifu. Mlango ukasimama. Feruzi alipomkumbusha, aliambiwa, "Nilikusudia ule wa ghala." Wa ghala ukasimama, akaambiwa bado wa shamba. Hata haya hana! Na majirani waliosikia kwa masikio yao wakajifanya wamesahau, maana nani agombane na tajiri kwa ajili ya mtumwa? Mimi hasira hunipanda kila ninaposimulia hapa.

Sasa, juu ya kila mlango palichongwa maneno. Feruzi hakujua kusoma. Mwalimu Bwanakheri ndiye aliyekuja karakana kuzichora herufi kwa mkaa, na Feruzi akazifuata kwa patasi kama alivyofuata majani na maua. Mbwarahaji alikwisha kumwonya mwalimu: "Mchoree, usimsomeshe. Mtumwa akijua kusoma atataka kujua na mengine."

Binti wa Mbwarahaji akaposwa. Baba yake akamjengea nyumba, akaagiza mlango wa mbao ngumu za mbambakofi, mkubwa kuliko yote. Akarudia wimbo wake pale barazani: "Mlango huu ukisimama, Feruzi yu huru." Safari hii Feruzi hakumshukuru. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Mwalimu, haya ninayoyachonga miaka yote yanasema nini?"

"Bwana wako amenikataza kukusomesha, mwanangu."

"Amekukataza kunisomesha. Je, amekukataza kusema na nafsi yako unapochora?"

Mwalimu akacheka. Tangu siku hiyo kila alipochora herufi aliitaja kwa sauti, akaiunga na nyingine, akairudia. Wapita njia wakasema mzee yule uzee umemwingia. Feruzi alikuwa akisikiliza, patasi mkononi. Mlango ule ulikawia sana, kwa kuwa fundi hakuwa na haraka tena.

Mwalimu alipokwisha kuchora maneno ya kizingiti cha juu, Feruzi aliyafuta kwa randa. Akachukua mkaa, akaandika yake, akayachonga, akayafunika kwa mkeka.

Asubuhi ya kusimamisha mlango wazee wa upande wa bwana harusi walikuja kuitazama nyumba. Mkeka ukaondolewa. Mjomba wa bwana harusi akainua macho, akasoma kwa sauti: "Mimi Mbwarahaji nimesema, mlango huu ukisimama, Feruzi yu huru."

Mbwarahaji akamgeukia mwalimu kwa ghadhabu, lakini Feruzi akatangulia mbele.

"Si yeye. Nimeandika mimi."

"Wewe? Yafute sasa hivi, la sivyo leo hii nakuuza!"

"Nitayafuta, Bwana. Ila kwanza waambie wageni wako kwamba hukuyasema."

Mjomba wa bwana harusi akauliza taratibu, "Ulisema, Mbwarahaji, au hukusema? Maana na sisi tumekuja hapa kwa ahadi yako."

Jirani mmoja akakohoa. "Alisema. Nilikuwapo." Wa pili naye akakumbuka. Ajabu ya watu hiyo!

"Nilisema," Mbwarahaji akajibu, jasho likimtoka. "Haya, mashahidi ninyi nyote, Feruzi yu huru. Sasa chukua randa uyafute."

Feruzi akaiweka randa chini, miguuni pake. "Hiyo ni kazi, Bwana. Mtume mtumwa wako."

Akaenda zake, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mbwarahaji alitafuta fundi mwingine wa kuyafuta maneno yale, hakumpata. Mafundi karibu wote wa mji ule walikuwa watumwa, na kila mmoja alikuja kuutazama mlango, akageuka akasema patasi yake ni butu. Feruzi akawa anasimama pale na ufito, akiwaonyesha herufi moja moja, mchana kweupe, na Mbwarahaji akiona. Wakajifunza. Kisha wakarudi kila mtu barazani kwa bwana wake, mkaa mkononi, wakisema, "Ulisemaje ile siku, Bwana? Sema tena, polepole."

Kwa hiyo Shukurani na arudi kesho kwa tajiri wake na kalamu. Akiulizwa nani kamfundisha jeuri hiyo, asiogope, anitaje mimi. Lisemwalo barazani, lichonge mlangoni.